Kwa nini wageni wanakuchosha wewe na kumchangamsha mwenzako

SWALI: Habari za kazi, daktari. Mimi ni dereva na mwongoza watalii, naishi Sakina, Arusha. Kazi naipenda, ndege nawajua kwa majina na sauti, lakini nikitoka safari ya siku sita za Serengeti na Ngorongoro nafika nyumbani sina hata hamu ya kuitikia salamu. Mke wangu anasema tabasamu naliacha kwa wageni, nyumbani naleta kununa. Mwenzangu, kadiri wageni wanavyoongea ndivyo anavyopata moto, na tipu ananizidi. Nimesoma kwamba introvati, yaani mtu mtulivu anayechoshwa na mikusanyiko, na ekstrovati, yule anayechangamshwa na watu, wana ubongo tofauti. Ni kweli? Inapimika? Kuna vidonge vya kuongeza dopamini, ile kemikali ya ubongo, vinauzwa Instagram, vitanisaidia? Na mtoto wangu wa miaka mitatu akiona mgeni anajificha nyuma ya mama yake. Nimemrithisha?

JIBU: Salama, kaka. Umeuliza mengi kwa mpigo. Nitayajibu yote, ila sitayagawia nafasi sawa, kwa sababu mengine yanakugusa kila siku ya kazi na mengine ni ya kupita tu.

Tofauti ya kibiolojia ipo, na imechunguzwa kwa zaidi ya nusu karne. Tatizo ni kwamba mtandaoni wameshika nadharia ya zamani, kwamba ubongo wa introvati "umejaa", wakaiacha iliyo na ushahidi mzito zaidi. Hiyo ya pili ndiyo inayowaeleza vizuri wewe na mwenzako: mnafanya kazi ileile kwa saa zilezile, lakini ubongo wake unamlipa papo hapo kwa kila kicheko cha mgeni, wako unalipa kiduchu. Jasho la kazi halipishani sana. Malipo ndiyo yanayopishana.

Tuanze na ya zamani, maana haikufa yote. Carl Jung wa Uswisi ndiye aliyeyaeneza majina haya mwaka 1921, lakini hakupima kitu. Aliyeyaingiza maabara ni Hans Eysenck, mzaliwa wa Berlin aliyefanya kazi London. Alijenga juu ya ugunduzi wa mwaka 1949, ambapo Giuseppe Moruzzi na Horace Magoun waliuchochea kwa umeme mtandao wa seli ulio ndani ya shina la ubongo wa paka, wakaona gamba la ubongo linaamka: mawimbi makubwa ya polepole, ya usingizi, yakageuka madogo ya haraka, ya mnyama aliye macho. Mwaka 1967 Eysenck akasema kwamba kwa introvati mtandao huo unapandisha msisimko mwingi, kwa ekstrovati kidogo. Na kwa kuwa kila kazi ina kiwango chake cha msisimko kinachoifaa, ambapo chini yake unasinzia na juu yake unababaika, introvati anafika kileleni mapema na kuanza kuteremka wakati ekstrovati bado anatafuta kelele ya kumwamsha.

Nadharia ilipendeza, lakini watafiti walipowabandika watu nyaya za kupima umeme wa ubongo wakiwa wametulia tu, matokeo hayakukubaliana. Utafiti mmoja uliona tofauti, mwingine haukuiona, mwingine uliiona imegeuka. Kilichosalia ni kidogo zaidi, na kwa maoni yangu kina manufaa zaidi: ubongo wa introvati haukai umesisimka muda wote. Ila ukiupiga na sauti ya wastani au ladha kali, unajibu kwa nguvu zaidi. Ngozi inatoa jasho zaidi kidogo, wimbi la ubongo linapanda zaidi. Wawekeni introvati na ekstrovati kwenye chumba kimya na tofauti inafifia.

Jaribio linalofaa kukumbukwa ni la Russell Geen, Marekani, mwaka 1984. Aliwapa wanafunzi kazi ya kujifunza huku masikioni mwao mna kelele, akawaacha wachague wenyewe ukubwa wake. Introvati walichagua wastani wa desibeli 55, ekstrovati 72. Kila kundi lilipokaa kwenye kelele yake, matokeo yao yalilingana. Alipowabadilishia, hawa wakapewa kelele ya wale, wote waliharibu. Hakuna kundi lililokuwa bora kuliko jingine, kila mmoja alikuwa na kiwango chake. Sasa piga picha: maongezi ya kawaida ni kama desibeli 60. Wewe uko ndani ya Land Cruiser iliyofunguliwa paa, kwenye mawe ya kutoka lango la Loduare kwenda Naabi, redio ya mawasiliano inakwaruza, mgeni wa nyuma anauliza kwa sauti kama yule ni chui au duma. Kiwango chako umekipita mbali, na hapo hakuna kitufe cha kuchagua.

Kama inapimika? Kuna kipimo cha jikoni ambacho ni halisi kabisa kwa asili yake. Fanya asubuhi kabla ya kula, kunywa chai wala kupiga mswaki. Chukua kijiti cha pamba chenye pamba ncha zote mbili, kifunge uzi katikati mpaka kining'inie kikiwa sawasawa. Meza mate, weka ncha moja juu ya ulimi kwa sekunde 20. Toa. Dondosha matone 4 ya maji ya limau ulimini, meza, kisha weka ncha ya pili palepale kwa sekunde 20. Shika uzi. Ncha ya pili ikizama sana, tezi zako za mate zimejibu limau kwa nguvu, jambo linalotarajiwa zaidi kwa introvati. Kinachoharibu kipimo ni uzi kuteleza kutoka katikati, limau lililokatwa tangu jana, au ncha ya kwanza kugusa shavu na kunyonya mate ya pembeni. Hans na Sybil Eysenck walipofanya mwaka 1967 walipima uzito wa mate kwa mizani, wakapata uhusiano wa 0.71 (1 ndiyo kulingana kabisa) kati ya mate na alama za dodoso la tabia, ambao kwa utafiti wa tabia ni mkubwa mno. Waliorudia baadaye waliona mwelekeo uleule, lakini kwa kawaida hafifu zaidi. Kwa hiyo limau likuburudishe wewe na mkeo, lisikupe cheti.

Kipimo cha maana bado ni dodoso. Mojawapo linalotumika sana lina maswali 44, na 8 kati yake ndiyo ya jambo hili. Alama za watu zikichorwa zinarundikana katikati na kupungua pembeni. Makundi mawili yenye ukuta kati yake hayapo, wengi wetu tuko kati na kati. Halafu madodoso haya yametungwa zaidi kwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani na Ulaya. Michael Gurven na wenzake walipowauliza watu wazima 632 wa jamii ya Tsimane, wakulima na wawindaji wa Bolivia, mwaka 2013, zile sifa tano za tabia ambazo madodoso haya hupima, zinazodaiwa kuwa za binadamu wote, hazikujitenga vizuri. Hapa kwetu ukimuuliza mtu kama huhudhuria sherehe mara kwa mara, unapima majukumu yake zaidi ya tabia yake. Ukihesabu vikao vya harusi, sendofu na michango, nusu ya Moshi watatoka ekstrovati, hata yule anayekaa kiti cha nyuma na kuhesabu dakika.

Sasa nadharia yenye nguvu. Mwaka 1970 Jeffrey Gray, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Eysenck, alihoji kama jambo lenyewe ni msisimko au ni namna ubongo unavyopokea zawadi na adhabu. Katikati ya ubongo, karibu na shina, kuna kundi dogo la seli zinazotengeneza dopamini na kuipeleka mbele, kwenye kituo kilicho chini ya ubongo wa mbele na kwenye gamba lililo juu kidogo ya macho. Watu huiita kemikali ya raha. Kazi yake hasa ni hamu: inakusukuma ukiendee kitu kizuri, na inapaka thamani mahali na watu uliokuwa nao kitu kile kilipokuja. Kwa ekstrovati mfumo huu unajibu kwa nguvu pale zawadi inapojitokeza, na kwa binadamu zawadi kubwa ya kila siku ni kutazamwa na kusikilizwa na wenzake.

Richard Depue na Yu Fu walilijaribu jambo hili na kutoa matokeo mwaka 2013. Waliwapa wanafunzi dawa ya methailifenideti, ambayo huongeza dopamini, wakiwa ndani ya chumba kimoja cha maabara kwa siku kadhaa, wakiangalia video. Baadaye ekstrovati walianza kuchangamka kwa kukutana tu na mazingira yale. Introvati walipata dawa ileile, lakini chumba hakikuwagusa hivyo. Hapo ndipo ninapomuona mwenzako. Moto wa kambini Seronera, viti vya duara, wageni wenye bia mkononi: kwake vyote vimeshapakwa. Akiviona tu anapanda. Wewe unaona moto na viti.

Ushahidi mwingine unatoka kwenye picha za ubongo. Colin DeYoung na wenzake mwaka 2010 walipima ubongo wa watu wazima 116, wakakuta wenye alama za juu za ekstrovati wana ujazo mkubwa zaidi kwenye sehemu ya ndani ya gamba lile la juu ya macho, inayopima thamani ya zawadi. Na Richard Lucas na Ed Diener walionyesha kitu ambacho wengi hawakijui: ekstrovati hapendi kila mkusanyiko. Anapenda mikusanyiko yenye raha. Mpeleke kwenye kikao kizito cha ukoo na hamu yake inashuka kama ya mtu mwingine. Anachokifuata ni zawadi, watu ndio njia yake ya kuifikia.

Kwa hiyo ukisikia "introvati ana upungufu wa dopamini", kataa. Upungufu wa dopamini ni ugonjwa, Pakinsoni kwa mfano, na unaonekana kwa mikono kutetemeka na mwili kukakamaa. Kuna pia wanaosema introvati anaendeshwa na asetilikolini, kemikali nyingine ya ubongo, na kwamba mawazo yake hupita "njia ndefu" kichwani. Maelezo hayo yanavutia kusimulia ila ushahidi wake ni mwembamba. Yanategemea sana utafiti wa mwaka 1999 wa Debra Johnson na wenzake, ambao uliona damu ikitembea zaidi kwenye ubongo wa mbele wa introvati, lakini waliopimwa walikuwa watu 18 tu, na asetilikolini haikupimwa kabisa.

Turudi kwenye uchovu, na hapa naomba umsamehe mwenzako kidogo. Watafiti wa Helsinki, Sointu Leikas na Ville-Juhani Ilmarinen, mwaka 2017 walichapisha utafiti wa kuwafuatilia watu siku hadi siku. Mtu alipojichangamsha alijisikia vizuri saa ileile. Baada ya kama saa tatu, alikuwa amechoka zaidi. Hilo lilitokea kwa introvati na kwa ekstrovati pia. Maana yake mwenzako naye anachoka, ila anakuwa ameshalipwa. Nawe ukianza kuchangamsha gari saa 12 asubuhi, deni linaanza kudaiwa saa 3, wakati mpo katikati ya bonde la Ngorongoro na siku bado mbichi.

Sasa upangaji wa siku. Anza na kahawa, kwa sababu wengi wanakosea hapo. William Revelle na wenzake mwaka 1980 walikuta kwamba kafeini asubuhi iliwasaidia watu wenye pupa na kuwaharibia watulivu kwenye mitihani ya kukimbizana na muda. Jioni mambo yakageuka. Introvati wengi wako upande wa watulivu. Kama asubuhi unapotoa maelezo ya safari moyo unakwenda mbio na maneno yanagongana, usinywe kikombe cha alfajiri, kisogeze hadi saa 3 au 4. Kikombe cha kahawa ya kuchuja cha mililita 240 kina takriban miligramu 95 za kafeini, chai kama nusu yake au chini. Kahawa ya mteremko wa Kilimanjaro na Meru ni arabika, ambayo ina karibu nusu ya kafeini ya robusta inayolimwa Kagera, kwa hiyo angalia unachochemsha. Mwilini nusu yake huisha kwa takriban saa tano. Ukinywa saa 10 jioni, saa 3 usiku nusu bado ipo, saa 8 usiku robo bado ipo. Cha mwisho kiwe saa 7 mchana.

Ndani ya gari, kanuni ni sauti moja kwa wakati. Muziki uzime, utafiti wa Adrian Furnham na Anna Bradley wa mwaka 1997 ulionyesha muziki wa pop unawaharibia introvati kukumbuka na kuelewa wanachosoma, zaidi ya ekstrovati. Redio ya mawasiliano ipunguze mpaka usikie jina la mnyama na la mahali, basi. Usiongee gari likiwa kwenye mwendo wa mawe, maana unapandisha sauti, unajibu nusu swali, na mgeni wa nyuma anakurudisha mwanzo. Simama, zima injini, eleza kwa dakika tano hadi saba kwa ukamilifu, halafu watangazie wageni kwamba sasa mtakaa kimya dakika kumi msikilize pori. Watangazie, usinyamaze tu. Ukinyamaza bila kusema wanadhani umekasirika, na hapo ndipo tipu zinapotelea. Ukitangaza, kimya kinakuwa sehemu ya safari waliyolipia, na wengi watakikumbuka kuliko simba wa tatu.

Mchana wageni wakifungua lanchi boksi, kula nao dakika kumi na tano, kisha nenda ukague matairi, springi na oili peke yako. Dakika ishirini zinatosha kama ni ishirini za kweli. Hapa wengi hujidanganya kwa simu: wanakaa pembeni wakipitisha video fupi moja baada ya nyingine, halafu wanashangaa kwamba hawajapumzika. Video ni sauti, mwanga na watu wanaoongea. Kwa ubongo wako hiyo bado ni kazi.

Jioni usisubiri uchoke ndipo uondoke kwenye moto. Fika mapema, saa 1 hivi, toa mpango wa kesho wewe mwenyewe, hadithia kitu kimoja unachokijua sana, kaa dakika arobaini, uage. Kwa mtu wa ndege kama wewe kitu hicho kiwe ndege. Introvati anapoongea jambo alilobobea, zawadi inatoka kwenye jambo lenyewe, haingoji makofi. Ukitaka cha kuwashangaza, waambie kwamba tabia hizi tunazishiriki na wanyama: kule Gombe, Kigoma, wasaidizi wa utafiti Watanzania wanaowafahamu sokwe mmoja mmoja waliwapa alama za tabia sokwe 128, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Wapo sokwe wachangamfu na wapo wanaokaa pembeni ya kundi, na wanafahamika hivyo kwa miaka.

Bia ya kujilegeza ulimi inafanya kazi kwa saa moja, kisha inadai. Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe, na ini linaondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Mbili za saa 3 usiku zitakuachia usingizi uliokatikakatika kuanzia saa 8, na asubuhi ni wewe unayeshika usukani.

Nyumbani, ongea na mkeo siku ambayo hujachoka. Si siku ya kurudi. Mweleze kwamba ukifika utawasalimia wote vizuri, utambeba mtoto, halafu unahitaji saa moja, moja na nusu, ya kuoga na kukaa mwenyewe, na baada ya hapo wewe ni wake. Taja muda na uutimize, maana kinachomuumiza ni kutojua kama kununa kutaisha saa 2 usiku au Jumatano. Kikao cha harusi kisiwekwe siku hiyo kama kuna njia ya kukisogeza. Lakini usivuke mpaka kwa upande wa pili pia. John Zelenski na wenzake huko Kanada walionyesha mwaka 2013 kwamba introvati wakiulizwa watajisikiaje wakijichangamsha, hukadiria raha ndogo kuliko ile wanayoipata kweli wakifanya. Yaani hamu yako ya kukataa mwaliko si mizani ya kuaminika. Kati ya mialiko mitatu, kataa mmoja, nenda miwili kwa muda mfupi. Ukikataa yote kwa miezi, utajikuta umejitenga ukidhani unapumzika.

Mtoto. Tafiti za mapacha zinaweka urithi wa sifa hii kwenye asilimia 40 hadi 60. Asilimia hizo zinaeleza kwa nini watu wa jamii moja wanatofautiana wao kwa wao, hazisemi kwamba nusu ya upole wa mtoto wako ni wewe. Hakuna jeni moja ya uintrovati: uchambuzi wa mwaka 2016 uliojumlisha watu 63,030 haukupata hata sehemu moja ya jeni yenye uhusiano wa kuaminika na ekstrovati. Ni vijisababu vingi mno, kila kimoja kikisukuma kidogo, na mama naye amechangia nusu ya jeni.

Isitoshe, kujificha nyuma ya mama ni jambo tofauti na uintrovati, na linapita njia nyingine ubongoni. Jerome Kagan wa Harvard aliwaonyesha watoto wa miezi minne vitu vigeni, sauti na harufu. Takriban 1 kati ya 5 walirusha miguu na kulia. 2 kati ya 5 walitulia. Wale wa kwanza walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa waoga wa wageni wakifikia umri wa mtoto wako, na chanzo kinachotajwa ni amigdala, kiungo kidogo cha kupima hatari. Carl Schwartz aliwapima mwaka 2003 vijana waliokuwa wameainishwa wakiwa na miaka miwili. Waliokuwa waoga utotoni, amigdala zao bado zilijibu zaidi kwa sura ngeni. Lakini wengi wao hawakubaki waoga, na mzazi ana mkono hapo. Mtoto aliyekingwa kila akilia alibaki na woga zaidi kuliko aliyesukumwa taratibu. Mgeni akija, usimburute mtoto asalimie, wala usimruhusu akimbilie chumbani. Kaa naye karibu, mgeni asimkodolee macho, mpe mtoto kazi ndogo ya kupeleka kikombe au kiti, na "shikamoo" aitoe baada ya dakika kumi akiwa amezoea. Kumwambia mgeni mbele yake "huyu ana aibu, kama baba yake" kunamfundisha kwamba hilo ndilo jina lake.

Kuhusu tipu: mtafiti Adam Grant alifuatilia watu 340 wanaouza bidhaa kwa kupiga simu na kuchapisha mwaka 2013 kwamba walioingiza fedha nyingi zaidi walikuwa wa katikati, wachangamfu sana hawakuwa wa juu. Uongozaji wa watalii si kuuza kwa simu, lakini inatosha kukuonyesha kwamba huhitaji kuwa mwenzako. Kama kampuni inakuruhusu, omba wapiga picha, watazama ndege na familia ndogo, umwachie yeye makundi ya vijana saba kwenye gari moja.

Kuna hali moja ambayo haya yote hayahusiki. Introvati aliyepumzika anarudi kwenye mambo anayoyapenda. Kama umekaa siku nne nyumbani na bado hata ndege hawakuvutii, usingizi umeharibika, chakula hakina ladha, unajiona hufai kitu, na hali imezidi wiki mbili, huo unaweza kuwa mfadhaiko, nao unatibika. Upungufu wa damu na tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri navyo huleta uchovu unaofanana. Nenda hospitali ya Mount Meru, ukiwa Moshi nenda ya Mawenzi, uombe kipimo cha wingi wa damu na cha homoni ya tezi, kisha uulizie kitengo cha afya ya akili. Ukifikiria kujidhuru, usisubiri hata siku moja.

Vidonge, usinunue. Vingi vinavyouzwa kwa jina la kuongeza dopamini vina tirosini, malighafi ya dopamini, ambayo tayari unaipata kwenye maharage, nyama na maziwa, na mwili hauigeuzi kuwa dopamini zaidi kwa sababu tu umeongeza. Vingine vina unga wa mbegu za upupu, na huo si mchezo: upupu una levodopa, dawa ileile anayopewa mgonjwa wa Pakinsoni, ila hapa hujui ni miligramu ngapi kwa kidonge. Huleta kichefuchefu, shinikizo la damu kushuka ghafla unaposimama, na usingizi wa kushtukiza mchana. Kwa mtu anayeteremsha gari lenye wageni sita kwenye kona za Seneto, njia ya kushukia bonde la Ngorongoro, hilo la mwisho peke yake linatosha.